Ni tembe za rangi gani?

Alhamisi moja baada ya isha niko zangu juu darini napunga upepo, simu mkononi, nahesabu watu waliotazama stetasi yangu. Nlikuwa nimeweka bango nililolitoa kwenye grupu moja la wanawake wa Nairobi, zambarau tupu, herufi nyeupe kubwa kubwa, MWILI WANGU UAMUZI WANGU, na chini kwa maandishi madogo ati kinga ya uzazi inafanya kazi kwa asilimia 99. Watu 212 walikuwa washaliona, na mimi nauza madira na mabuibui kwa simu, watu 212 kwangu ni soko zima, basi nikajisikia nimefanya jambo. Mara meseji ikaingia. Mtoto wa mama mdogo, yuko Kizingitini, kisiwa cha Pate, ameolewa huko na mvuvi wa kamba.

"Dada nimesahau tembe tatu zile za majira na bwana keshaingia tangu jana usiku. Nifanyeje?"

Nikamuuliza mbona asiende kliniki. Akajibu saa hizi kliniki gani, halafu huku kila mtu ni ndugu ya bwana. Kisha akaongeza: "Si wewe ndio unatetea mambo haya."

Sikuwa na jibu. Miaka mitatu naweka mabango, natia hashtegi, nimebishana na ustadh mzima kwenye grupu la mtaa, nimetolewa kwenye grupu la ukoo nikarudishwa kwa kuombewa na mamangu, na siku zote hizo hakuna aliyeniuliza tembe ikisahauliwa inakuwaje wala mimi sikujiuliza. Na mwenyewe niko na kijiti kwenye mkono wa kushoto! Ukibonyeza unakisikia, kama njiti ya kiberiti. Lakini ungeniuliza kile kijiti kinafanya nini humo ndani ningekwambia "kinazuia mimba" nikanyamaza, ni kama mtu anaulizwa boti inaendaje anasema inaenda.

Nikaingia Google. Kurasa zote Kiingereza, huyu anasema saa 24, yule anasema saa 48, wa tatu ana jedwali lenye mishale kama ramani ya uwanja wa ndege, nikaona hapa ntamuua mtoto wa watu. Nikatia buibui nikashuka.

Kuna nasi mstaafu mtaani kwetu Mkomani, hapa Amu (Lamu), ameacha kazi zamani lakini tunamwita Sista mpaka leo. Nikagonga saa tatu unusu usiku. Akafungua na leso kichwani, nikamueleza pale pale dakani bila hata kukaa, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ni tembe za rangi gani alizoacha?"

Sikujua. Hata haikunipitia akilini kuuliza. Ikabidi nimpigie mtoto wa mama mdogo, naye anaongea kwa kunong'ona bwana asisikie, akasema nyeupe, mstari wa kwanza.

Kwa wasiowahi kuishika, pakiti wanayotoa kliniki nyingi za huku ina tembe 28. Nyeupe 21 ndio dawa. Saba za mwisho za kahawia ni madini ya chuma tu, zimewekwa ili uendelee na mazoea ya kumeza kila siku na pia damu isikupungue sana, kwa hiyo aliyesahau za kahawia hajasahau kitu. Ile damu inayokuja ukiwa kwenye za kahawia nayo sio hedhi ile ya kawaida, ni mwili umeona dawa imekatika. Hayo yote nimeyajua nikiwa na miaka 31 na watoto wawili, dakani kwa jirani, usiku.

Sista akaendelea. Dawa iliyo kwenye zile nyeupe inalaza kile kifuko kinachotoa yai. Ukimeza saba mfululizo kimelala. Zile siku saba za kahawia kinaanza kujigeuza geuza kitandani, lakini ukianza pakiti mpya kwa wakati wake kinalala tena kabla hakijafumbua macho. Sasa balaa iko pale ukisahau za mwanzo wa pakiti au za mwisho wa nyeupe, manake umeirefusha ile wiki ya kujigeuza, saba imekuwa kumi, na kumi zinatosha mtu kuamka na yai likatoka. Katikati ya pakiti kidogo una nafuu. Mimi nlidhani kila tembe inapigana vita vya siku yake, leo umesahau leo ndio hatari, kumbe hesabu ni ya mfululizo.

Kwa hiyo tatu nyeupe, wiki ya kwanza, na bwana keshaingia. Maagizo yakawa hivi: ameze moja sasa hivi, kisha aendelee moja kila siku kwa saa yake hata kama kesho itaonekana kama ameziweka karibu karibu, zile nyingine zilizopita asizilipe. Mpira, yaani kondomu, mpaka atimize nyeupe saba mfululizo. Na kwa sababu ya lile la jana usiku, P2, ile tembe ya dharura ya baada ya tendo, kabla ya saa 72 kuisha, na isingojewe hiyo 72, kila saa inayopita inapungua nguvu. (Ingekuwa wiki ya tatu, angemaliza nyeupe halafu aruke za kahawia aingie pakiti mpya moja kwa moja.)

Saa 72 ukiziandika kwenye bango zinaonekana nyingi. Wanaojua njia ya Kizingitini wanajua huko unaenda kwa maji. Boti haiondoki kwa saa, inaondoka maji yakiruhusu pale mkondo wa Mkanda, yakishapwa utakaa kwenye tope na mikoko inakutazama. Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni mwa duka la dawa kabla halijafunguliwa, nikanunua P2, muuzaji akanitazama juu mpaka chini kama ndio mwanzo kuona mwanamke, nikaikunja ndani ya dera la maua, dera ndani ya mfuko, mfuko nikampa kapteni nikamwambia mzigo wa mteja huo usirowe. Boti ikatoka baada ya sala. Magharibi mtoto wa mama mdogo akaniandikia "dera limefika ni zuri". Nikahesabu kwa vidole: saa arubaini na kitu.

Jinsi alivyozungumza na bwana kuhusu mpira siku zile nyingine ni mambo yao, sikuuliza.

Usiku ule wa Ijumaa ndio nikaanza kusoma sana, kwa sababu kwenye lile grupu la mtaa kulikuwa na vois noti inazunguka inasema P2 ni kutoa mimba, na mimi miezi iliyopita nilimjibu aliyeituma kwa matusi badala ya jibu, manake jibu sikuwa nalo. Jibu lenyewe sasa ninalo na si refu. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi humo ndani mpaka siku 5. Yai likishatoka halifikishi hata siku mbili, kama saa 24 limekwisha. Kwa hiyo mara nyingi mgeni ndiye anayemngoja mwenyeji barazani, sio mwenyeji kumngoja mgeni, na P2 kazi yake ni kumchelewesha mwenyeji asishuke darini mpaka mgeni achoke amalizike. Mwenyeji akishashuka P2 haina la kufanya, na mimba ikishashika haiitoi. Ndio maana kila saa ina thamani yake.

Nikataka kujua hii ya kutoa mimba ilitoka wapi, nikajikuta Marekani. Kumbe kule karatasi ya dawa yenyewe kwa miaka mingi iliandikwa kuwa huenda inazuia yai lililotungwa lisijishike kwenye mfuko wa uzazi, na ni Desemba 2022 tu ndipo mamlaka yao ya dawa, FDA, ilipobadilisha maandishi hayo ikaeleza kuwa inachelewesha au inazuia yai kutoka. Kabla ya hapo, 2014, kesi ilifika mpaka Mahakama yao ya Juu, kampuni ya maduka inayoitwa Hobby Lobby haitaki bima ya wafanyakazi wake ilipie njia ambazo wenye kampuni waliamini zinaua kiumbe, na mahakama ikawapa haki yao ya dini bila kuamua kama sayansi yao ni sawa. Kilichonichekesha ni makelele ya mtandaoni ya wakati ule. Upande mmoja unasema kampuni imekataza kinga zote, wakati ilipinga njia 4 kati ya 20. Upande wa pili unasema hizo nne ni za kutoa mimba. Wote wamekasirika, wote wana hashtegi, na wote hawajasoma karatasi. Nikajiona.

Sasa ngoja nirudi kwa mtoto wa mama mdogo, manake kuna kitu alinificha. Jumapili tukaongea kwa raha, bwana ameenda kutengeneza nyavu, nikamuuliza we ulisahauje siku tatu nzima na wewe hata siku ya kuzaliwa ya paka wako unaikumbuka. Akacheka. Akasema, dada, mimi sikusahau, niliacha. Bwana alikuwa baharini huko pande za Kiwayu, kwa hiyo nikasema namezea nani? Alitakiwa kurudi Ijumaa, nlikuwa nianze Alhamisi, akaingia Jumatano.

Unaona? Anameza kwa ratiba ya bwana. Bwana yupo tembe zipo, bwana hayupo zinapumzika, kama taa unayozima ukitoka chumbani. Na usimcheke. Mwaka 2012 huko Marekani mwanafunzi wa sheria, Sandra Fluke, alitoa ushahidi mbele ya wabunge kuhusu gharama za kinga, na mtangazaji wa redio aliyekuwa akisikilizwa na mamilioni, Rush Limbaugh, akamtukana hewani kwa siku kadhaa, akiongea kana kwamba mwanamke akikutana na mume mara nyingi ndio anahitaji tembe nyingi. Pakiti ni moja kwa mwezi hata uwe na bwana mlevi wa mapenzi hata uwe na bwana yuko Jeddah! Alikuja kuomba radhi, kwa yale maneno aliyomwita. Lile la hesabu ya tembe silikumbuki kama kuna aliyelisahihisha kwa nguvu hiyo hiyo. Tajiri wa redio na mke wa mvuvi wa kamba wana kosa moja, tofauti ni kwamba mmoja kosa lake linamkaa tumboni.

Hapa ndipo ninapogombana na sisi wanaharakati wa simu, na najitia ndani. Lile bango langu la asilimia 99. Sista nilimuonyesha, akavaa miwani, akalisoma, akanirudishia simu. Akaniambia hiyo 99 ni ya mtu ambaye hakosei hata siku moja mwaka mzima, je unamjua huyo mtu? Kwa vile watu wanavyoishi kweli, na safari na misiba na mtoto mwenye homa, katika wanawake 100 wanaotumia tembe kwa mwaka kama 7 wanashika mimba. Sindano ya miezi mitatu kama 4, kwa sababu kuna wanaochelewa kurudi. Kondomu 13. Kumwaga nje, ambako wanaume wa huku wanakusifia kama fani, 20. Kijiti, na koili ile inayowekwa kwenye mfuko wa uzazi, hata mmoja hatimii, si kwa uchawi, ni kwa kuwa mkono wako huwezi kuusahau nyumbani. Na wasiotumia chochote ni 85.

Sasa fikiria mwanamke ameona bango langu la 99, akatumia tembe kwa ratiba ya kamba, akashika mimba. Atasema nini? Atasema wametudanganya. Ataiweka kwenye vois noti. Na vois noti yake itakuwa na nguvu kuliko bango langu kwa sababu yeye yuko na mtoto mkononi.

Halafu kuna lile la damu. Sindano ikikata hedhi, huku wanasema damu imejazana tumboni inaganda, utavimba, utapata uvimbe. Nimewaona wanaharakati wakijibu hili kwa ile emoji ya kucheka. Mimi sasa nalijibu kwa nyumba za Amu: ukuta wa mawe na chokaa, kila mwaka unapakwa chokaa na kila mwaka inabanduka. Mfuko wa uzazi unajipaka kila mwezi ukingoja mgeni, asipokuja chokaa inabanduka, hiyo ndio hedhi. Sindano inafanya ukuta usipakwe. Hakuna chokaa, sasa kibanduke nini? Hakuna damu iliyofichwa mahali. Na nikimaliza nasema pia lile ambalo mabango hayasemi, kwamba ukiacha sindano uzazi unaweza kuchelewa kurudi, wastani kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho, mwengine zaidi, basi kama unataka mtoto mwaka huu usichome. Mwanamke akiambiwa hili mapema anapanga. Akiligundua mwenyewe mwezi wa nane anasema wamenifunga kizazi, na hapo huna wa kumlaumu.

Wanaosema ni njama za wazungu nao siku hizi siwacheki. Mwaka 1956 tembe za mwanzo zilijaribiwa kwa wanawake maskini wa Puerto Rico, dozi kubwa kubwa, wanawake wenyewe hawakuelezwa kuwa ni majaribio, na waliolalamika kichwa na kutapika hawakusikilizwa. Hiyo ni historia, haikutungwa WhatsApp. Mtu akikuletea wasiwasi huo ukamwita mjinga umeshampoteza, wakati ungeweza kumwambia ndio, yalitokea, na dozi za leo ni ndogo mno kuliko zile, na una haki ya kuuliza kila swali kabla ya kupokea.

Ustadh wangu wa grupu naye tulipatana, ntakwambia vipi. Nilikuwa namrushia katiba, kifungu cha 43, haki ya afya pamoja na afya ya uzazi, naye ananirushia aya, tukawa kama watu wawili kila mmoja yuko jeti yake na hakuna boti. Siku moja nikaacha katiba nikamuuliza kuhusu azli, yaani kumwaga nje, ile hadithi ya Jabir kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli na Qur'ani inateremka. Akatulia kidogo. Kisha akaandika ukurasa mzima, kuhusu ridhaa ya mke, kuhusu tofauti ya kuzuia kwa muda na kufunga kabisa, maneno ya maana ambayo sikuyategemea. Hatukukubaliana yote. Lakini niligundua kuwa swali lake muda wote lilikuwa kinafanyaje kazi, kinazuia au kinaua, na mimi nilikuwa nikimjibu swali jengine.

Na sisi wenyewe Waswahili hatukuwa gizani. Bibi zetu walikuwa na neno kubemenda, mtoto anayenyonya akidhoofika wanakutazama wewe na bwana, na hofu hiyo peke yake ilikuwa inaachanisha watoto miaka miwili. Kunyonyesha nako kunazuia mimba kweli, asilimia 98, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hapewi kitu chengine hata maji, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika zote zimevunjika. Somo wangu alinifunza kabla ya ndoa mambo ambayo siwezi kuandika hapa mamangu akasoma, udi uwekwe wapi, asmini ivaliwe vipi, lakini hili la masharti matatu hakunambia, sidhani kama aliambiwa. Mtoto wa kwanza nikamtia uji mwezi wa nne. Wa pili akaja wa kwanza hajaacha kutambaa.

Watu huniambia basi harakati za mtandaoni hazina faida. Sio hivyo. Amu tuliona vita vya makaa ya mawe, kiwanda cha megawati 1,050 kijengwe Kwasasi, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hashtegi zilikuwepo, dunia ikatujua. Lakini mimi nakumbuka mzee mvuvi aliyekaa na mamangu barazani akamueleza maji ya moto yakirudi baharini samaki watafanya nini na jivu litapeperuka wapi kusi ikivuma, hajui kusoma, na alikuwa anaeleza kama fundi. Tulijua kitu kabla ya kukipigia kelele. Kwenye uzazi sisi tumeanza na kelele. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi 1967, mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke alikuwa anazaa wastani wa kama watoto 8, utafiti wa 2022 ukasema 3.4, na muda mwingi wa hapo katikati hapakuwa na bango la zambarau, kulikuwa na shule na akina Sista na mikoba yao.

Ingawa lazima niseme na hili, bila lile bango mtoto wa mama mdogo asingeniandikia mimi. Lilikuwa kama kibao cha duka. Tatizo mteja aliingia akakuta rafu tupu.

Kwa hiyo nililitoa. Badala yake nikarekodi vois noti ya dakika mbili na nusu, Kiamu kitupu, nyeupe na kahawia, mgeni na mwenyeji, meza kila siku bwana awepo asiwepo, nikampigia Sista akaisikiliza kwanza na kunisahihisha mahali pawili, nikamtumia mtoto wa mama mdogo na wateja kumi wa madera niliowaamini. Yeye siku ya ishirini na kitu akanijibu kwa emoji moja tu, lile tone la damu. Nikalala usingizi wa kweli.

Miezi imepita. Juzi niko jikoni nakaranga mahamri, shangazi akaniletea simu yake, ati sikiza hii mwanangu, ina faida. Imefowadiwa mara nyingi, na kuna mwanamume ametanguliza sauti yake mwanzoni anasema huyu ni daktari bingwa kutoka Mombasa. Halafu nikaanza kuongea mimi. Ile sehemu ya wiki ya kwanza na P2 mtu ameikata.

Shangazi akanitazama. "Mbona sauti hii kama yako?"

Nikageuza mahamri.

"Si mimi," nikamwambia. "Ila nitumie hiyo, niwape iliyo kamili."